Mvua Chini ya Ulimi wa Bi Zuhura

Daktari Twaha alizikwa Ijumaa, na siku ya hitima nilikaa na wanawake wenzangu ukumbini kwake Vuga, viatu vimejaa mlangoni, ubani unafuka kwenye chetezo. Mpwa wake, msichana anayesomea udaktari, alinikaribia na kikombe cha kahawa akaniuliza kama ni kweli kwamba zamani mimi na mjomba wake tulikuwa tukisikiliza nyama za watu kwa spika. Waliokaa karibu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kinachofichwa kwa ncha ya mtandio. Nikamwambia ni kweli. Alitaka niendelee, nikainamia kahawa yangu, maana ningeendelea ningefika kwa Bi Zuhura, na mle ndani walikuwamo wanawake wa umri wangu ambao mpaka leo likitajwa jina hilo hushika vifua vyao na kusoma dua kimoyomoyo. Nimerudi nyumbani na hadithi yote mdomoni. Ninaiandika hapa kama ilivyokuwa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha uuguzi, sijaolewa, nimepangiwa kazi katika hospitali moja ya mjini. Daktari Twaha alikuwa amerudi mwaka huohuo kutoka masomoni ng'ambo, na alirudi na mashine. Ilikuwa kuukuu, kubwa kama kabati la vyombo, ina kioo cha kijani kisichozidi sahani ya chai na spika ubavuni. Kazi yake ilikuwa kupima umeme wa misuli. Mshipa wa fahamu unapouamrisha msuli, alinieleza, msuli hutoa chembe ya umeme. Sindano nyembamba huidaka ile chembe, na mashine huigeuza ikawa mstari kwenye kioo na mlio kwenye spika. Alihitaji mtu wa kumsaidia, atakayezungumza na wagonjwa bila ya kuwatisha, akanichagua mimi. Siku ya kwanza alinichoma mimi mwenyewe, kwenye ule mnofu wa chini ya kidole gumba. Akaniambia nilegeze mkono. Spika ikawa kimya. Nikakaza kidogo, ikaja tok, tok, tok, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, ikanguruma kama bajia zinapotumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka. Nilicheka kwa kujisikia nikitoka ndani ya kile kisanduku. Yeye hakucheka. Alisema msuli mzima ukipumzika haunong'oni. Msuli uliopotelewa na mshipa wake ndio unaosema peke yake, na ukiusikia utadhani ni mvua inaanza juu ya bati.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu, zamani kikiwekwa mashuka. Kuta zake zilikuwa za mawe, nene, na dirisha lilitazama bandari ya Malindi, hata honi ya meli ya Dar ilipolia, vichupa vya spiriti vilitetemeka juu ya meza. Mashine ilikuwa na wivu. Haikupenda umeme mwengine wowote karibu yake. Feni ikizunguka, spika ilivuma kama nyuki, na friji la chanjo la chumba cha pili likijiwasha lilivuma zaidi. Basi tulizima feni, tukazima taa, tukafanya kazi kwa mwangaza wa dirisha huku jasho linatutiririka mgongoni, na mimi nikipangusa ngozi ya mgonjwa kila mara, maana jasho nalo huharibu kipimo. Saa sita tulikula palepale, chapati na maharage ya nazi kutoka Darajani, kwenye sahani za bati, bila ya maneno mengi. Mlango ulikuwa mwembamba. Nje yake kulikuwa na benchi la jamaa za wagonjwa, na yote waliyosema tuliyasikia. Walisema fulani kachezewa, fulani kakanyaga kitu, fulani ana mtu wake wa kichwani, yaani pepo, anataka chano cha vyakula. Daktari alikuwa akitafuna na kusikiliza. Mara moja tu aliniambia kwamba angetamani maradhi mengine yawe hivyo wanavyosema wao, kwa sababu hayo yana mganga.

Bi Zuhura Ghalib alikuja baada ya mvua za masika. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alipotoa salamu tu mlangoni, mgongo wangu ulisimama. Kila nyumba kisiwani iliijua sauti ile. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo kwenye redio baada ya taarifa ya habari ya mchana. Sauti yake ikiingia, mama zetu walipunguza moto jikoni, vijiko vikawekwa chini, wauza samaki wa Darajani wakanyamaza na panga mkononi, mpaka majina yamalizike na kila mtu ajue kama leo ni zamu yake ya kulia au si zamu yake. Alikuwa na heshima kubwa kwa majina ya watu. Kha yake ilikuwa kha, ghaini yake, ile gh ya kooni, ilikuwa ghaini, na akimtaja maiti wa Tumbatu au wa Makunduchi alilitaja jina kama linavyotajwa kwao. Mimi nilikuwa nikimwogopa toka utotoni, na sasa alikuwa amesimama mbele yangu, mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye buibui iliyopigwa pasi vizuri, ananyoosha mkono. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, na katika ile marahaba nilisikia kitu kinaburura, kama khanga inayopita sakafuni.

Mumewe, Mzee Nassor, ndiye aliyeanza kueleza, akakatizwa na mkewe kwa kuinuliwa kidole. Bi Zuhura alisema mwenyewe, taratibu. Ulimi ulikuwa unachoka. Asubuhi haukuwa na neno, lakini kila alipofika katikati ya matangazo ulikuwa mzito. Chai ilikuwa ikimpalia. Na wiki chache nyuma alikuwa amesoma kifo cha mzee mmoja wa Mkunazini, ghaini ya jina ikamtoka kama ga ya kawaida, na mtoto wa marehemu akaja mpaka redioni, hana ugomvi, analia tu, akauliza kwa nini baba yake ametajwa vile. Hilo ndilo lililomleta kwetu. Kuhusu chai alisema angeweza kuvumilia.

Benchi la nje lilikwishapata habari. Wakati ninamtayarisha, nikimpangusa chini ya kidevu kwa pamba, tulimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba haya yalitarajiwa, Zuhura amesoma wafu wengi mno, na wafu wamemfunga ulimi. Nilimtazama. Alikuwa akitazama dari, na nikajua amesikia. Daktari alizima feni, akaingiza sindano chini ya kidevu mpaka kwenye msuli wa ulimi, akamwomba afunge mdomo, alegeze, asimeze mate, asifanye lolote. Chumba kikawa kimya. Halafu mvua ikaanza. Ilikuwa ndogo, tone na tone, kisha ikashika, inadunda juu ya bati lisilokuwapo, na katikati yake mara kwa mara kitu kinapasuka, dap, kama bisi kwenye sufuria. Daktari akasogeza sindano kidogo. Mvua ikawa ileile. Akaitoa, akaiingiza nyengine mkononi, kwenye mnofu wa kidole gumba, mkono ambao Bi Zuhura hakuwa na malalamiko nao hata kidogo. Mvua. Akajaribu pajani. Mvua, mbali kidogo, lakini mvua. Uso wa Daktari haukubadilika. Namna alivyoshika sindano ndiyo iliyobadilika, aliishika kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Bi Zuhura alisikiliza yote kwa makini, kama mtu anayesikiliza kanda kazini. Mwishowe alisema, bila ya kunitazama mimi wala kumtazama Daktari:

"Mimi nimenyamaza. Hawa wanaosema ni nani?"

Daktari alimjibu kwamba ni misuli tu, imechoka. Neno hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa dogo mno. Akatoka kuzungumza na mume. Nilibaki nikimfunga Bi Zuhura vifungo vya kanzu, na kupitia mlango ule mwembamba tulisikia vipande vipande, sauti ya Mzee Nassor ikiomba. Alikuwa akimwomba Daktari asimwambie. Amwambie ni mishipa imelegea, ampe vidonge, amwachie moyo wake. Bi Zuhura alijifunga mtandio polepole sana, akachukua mkoba wake, akaniaga kwa jina.

Yalikuwa ni yale maradhi yanayoua mishipa inayoamrisha misuli. Yanaanza popote, kwake yeye yalianza ulimini, na yanakwenda mpaka kwenye pumzi. Hakukuwa na dawa. Daktari aliniambia hayo juu ya sahani ya maharage ambayo hakuna aliyeila siku ile. Alisema amempa mume ahadi ya kusubiri kidogo, na kwamba hajui hiyo kidogo ni kiasi gani.

Alinipa kazi ya kwenda nyumbani kwao Malindi kila baada ya siku chache, jioni baada ya Alasiri, nimfundishe namna ya kumeza, kidevu kikiwa kimeinamishwa, na nimkande mikono. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa, ngazi nyembamba, sebule ndefu yenye busati jekundu. Kwanza nilikuta wakila kama watu wote. Mkate wa kumimina, ndizi za nazi, samaki wa kupaka, na yeye Bi Zuhura akinilazimisha nile. Kisha wali ukatoka, kwa sababu punje moja ilikuwa inatosha kumkohoza mpaka macho yageuke. Kisha ukabaki uji wa ngano, ndani ya bakuli la kaure lenye maua. Mzee Nassor alikula uji huohuo pamoja naye, kila siku, akidai tumbo linamsumbua. Redio ilikuwa juu ya kabati, imezimwa. Kazini walikuwa wamemwambia apumzike, wakamweka kijana mwengine, na mtaani watu wakapokezana maneno. Nilipopita kwenye uchochoro wao nilisikia wanawake barazani wakisema usiku anaitwa kwa majina na wale aliowasoma. Nami, nikiwa nimesoma vitabu vyote vile, nilikuwa nikifika kwangu, nikilala, nikisikia mvua, nikitoka nje na kukuta kumekauka.

Jioni moja Mzee Nassor alikuwa msikitini, ninamkanda Bi Zuhura mkono wa kulia, ambao sasa umekonda katikati ya vidole. Akaufunga ule mkono juu ya wangu, kwa nguvu iliyobaki.

"Mwanangu, wewe ulikuwemo mle chumbani," alisema, na kila neno lilimgharimu. "Mie nimetangaza vifo vya watu maisha yangu yote. Hakuna hata kimoja nilichowaficha wenyewe. Mbona changu nafichwa mie?"

Sikuweza kumdanganya, na haikuwa juu yangu kumwambia. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba si mimi wa kusema, lakini kesho nitarudi na mwenye kusema. Alinitazama sana, akaniachia mkono. Nadhani alikwishajibiwa. Asubuhi nilimngojea Daktari juu ya ngazi za hospitali nikamwambia kuwa siwezi tena kuingia nyumba ile na kula uji wao na neno lile limekaa kati yetu. Nilitarajia atanikemea. Alikaa chini kwenye ngazi, mtu mzima na koti lake jeupe, wagonjwa wanatupita, akaniuliza saa ngapi Mzee Nassor hurudi kutoka msikitini.

Alimwambia Bi Zuhura mbele ya mumewe, sebuleni, sote tumekaa juu ya busati. Hakupunguza wala hakuongeza. Alipoanza tu, Mzee Nassor aliinuka, akaenda dirishani akafunga mbao, kisha dirisha la pili, majirani wasisikie, akarudi akakaa gizani pamoja nasi. Bi Zuhura aliuliza jambo moja tu, sauti itabaki mpaka lini. Daktari alisema labda mpaka mwisho wa msimu wa kaskazi, labda isifike. Akashukuru. Mzee Nassor hakutusindikiza chini.

Wiki iliyofuata Bi Zuhura alinieleza anachotaka. Alitaka kurekodi tangazo lake mwenyewe. Mumewe alikataa katakata. Alisema ni kujitabiria, ni kumkaribisha mgeni kabla hajabisha. Wakamwita sheikh wa msikiti wao, mtu mpole, ambaye alisema kukumbuka kifo hakuna ubaya wowote, ila saa ni ya Mwenyezi Mungu, basi siku na saa asiziseme. Mzee Nassor alisema yeye hatokwenda, na hakwenda. Nilikwenda mimi, kwa sababu shingo ya Bi Zuhura ilikuwa inaanza kulegea na lazima mtu amshikilie kidevu.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia mpaka ukutani. Ilinitisha namna kilivyofanana na chumba chetu. Feni imezimwa, joto, kila mtu amebana pumzi. Fundi mitambo, aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa akijifuta macho nyuma ya kioo akidai ni vumbi. Bi Zuhura alisoma kipande kwa kipande, akipumzika, nikimfuta mate kwa leso. "Nassor wa Malindi anasikitika kutangaza kifo cha mke wake." Hapo alipita. "Habari ziwafikie jamaa wa Mkokotoni, wa Pemba, na wa Dar es Salaam, popote walipo." Alipita pia. Jina lake mwenyewe ndilo lililomshinda. Zuhura binti Ghalib. Ile ghaini haikuja. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, nikahisi chini ya vidole vyangu, pale pale tulipochoma sindano, ulimi unapapatika kama samaki mdogo. Fundi akasema kwa upole kwamba anazo kanda za zamani, kuna matangazo ya watu waitwao Ghalib, anaweza kuikata ghaini mule akaipachika hapa, na hakuna atakayetambua. Bi Zuhura akatikisa kichwa.

"Hilo la maiti mwengine," alisema. "Mie niwekee langu."

Likawekwa lake, kama lilivyotoka, bovu. Tuliporudi alilala siku mbili.

Alifariki kaskazi haijesha, asubuhi, mumewe yuko ubavuni pake. Mimi nilikuwa hospitali, tuna mgonjwa kitandani, na sikujua. Benchi la nje walikuwa na redio. Kijana yule wa matangazo alisoma majina mawili, akanyamaza, tukasikia kanda ikikwaruza, halafu akaingia yeye. Sindano ilikuwa mkononi mwa Daktari, hajaiingiza. Sauti ilikuwa nzito, inaburura, lakini ni yeye, anatangaza kifo chake, anawataka radhi jamaa. Nje ya mlango mtu alipiga ukelele mmoja, akazibwa mdomo. Baadaye niliambiwa Darajani watu waliacha vitu mezani wakaondoka, na kwamba kuna nyumba redio ilitupwa nje dirishani. Saa na mahali pa maziko yalisomwa na yule kijana, naye alikuwa analia. Nilijua Bi Zuhura hakuacha kanda ile redioni. Aliiacha nyumbani, ndani ya mkoba wake. Aliyeipeleka hakuwa mwengine ila Mzee Nassor, aliyetembea nayo kwa miguu katika jua, mkewe angali hajaoshwa.

Siku ya hitima yake alinisubiri kwenye ngazi ile nyembamba. Alikuwa amekonda kwa ule uji. Aliniuliza kama mkewe, lau asingepimwa, angeishi zaidi. Nikamwambia hapana, baba, siku zake zilikuwa zilezile. Akauliza kama ule mlio ulikuwa unamuuma. Nikamwambia hauumi, mgonjwa mwenyewe hausikii kabisa mpaka spika ifunguliwe.

"Basi alikuwa hausikii," alisema. "Nyinyi ndio mliomsikilizisha."

Hakusema kwa ukali. Alinishika bega, akanipisha nishuke.

Nilimfikishia Daktari maneno yale. Kisha mashine ilipokuwa inapashwa moto asubuhi moja, alipunguza sauti ya spika mpaka mwisho, akasema tutatazama kioo tu. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Paje, mkulima wa mwani, mikono imejaa ganzi kwa kufunga kamba ndani ya maji. Nilimpangusa ngozi, nikamweleza sindano. Halafu, bila ya kumwomba Daktari ruhusa, nikamwambia kwamba mashine hii inaweza kumsikilizisha msuli wake, lakini si lazima, na yapo yanayosikika yasiyopendeza. Je, anataka?

Alifikiri, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwengine. "Fungua nisikie," alisema. "Si wangu?"

Nilimtazama Daktari. Akainamisha kichwa, akamwingiza sindano kwenye mnofu wa kidole gumba, akamwambia alegeze mkono. Nikashika kitufe cha sauti, na muda wote nilipokuwa ninakizungusha niliogopa, kwa hofu ambayo haikunitoka mpaka leo, kwamba atakayetoka mle ni Bi Zuhura. Ukatoka mvumo wa friji la chumba cha pili, ukafifia. Baada yake hakikuja kitu. Yule mama alingoja, akasogeza sikio, akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, ni msuli wake umepumzika, na msuli mzima ukipumzika haunong'oni.